Uthabiti wa Mitihani na Madodoso: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huja kutoka kwa watu wa aina tatu: wanachuo walio kwenye sura ya tatu ya tasnifu, walimu wanaotunga mitihani ya shule, na watu wa miradi walio na dodoso mkononi na tarehe ya ripoti shingoni. Yameanza na ya msingi. Yale yanayokesha watu yako mwishoni.

## Mambo ya msingi

1. Uthabiti wa mtihani ni nini?

Ni kiasi ambacho alama zingebaki palepale kama tungepima tena bila mtu mwenyewe kubadilika. Ukiweka mfuko uleule wa sukari kwenye mizani mara tatu ukapata uzito wa aina tatu, huna mizani. Mtihani nao huyumba. Mtoto kaja bila kunywa chai, maswali yameangukia mada aliyoisoma jana usiku, msahihishaji yuko kwenye karatasi ya mia mbili na macho yameshachoka. Yote hayo husogeza alama bila kugusa kile mtoto anachokijua.

Mwingereza Charles Spearman ndiye aliyeanza kulifanyia hesabu jambo hili, mwaka 1904. Wazo lililokua kutoka kwake ni fupi: alama unayoiona ni alama ya kweli ukijumlisha kosa. Uthabiti ni sehemu ya mtawanyiko wa alama inayotokana na tofauti za kweli kati ya watu. Ukiambiwa 0.80, maana yake asilimia 80 ya mtawanyiko ni tofauti za kweli na 20 ni kosa. Haina maana kwamba wanafunzi 80 kati ya 100 wamepimwa sawasawa, ingawa tasnifu nyingi huandika hivyo.

2. Kwa nini kuna njia nyingi za kuukadiria? Si ichaguliwe moja?

Kwa sababu makosa ni mengi, na kila njia ina nyavu zake. Kurudia mtihani baada ya siku kadhaa hunasa kosa la siku. Matoleo mawili ya mtihani, kuugawa nusu kwa nusu, na alfa (namba ya jinsi maswali yanavyoshikamana, swali la 10) hunasa kosa linalotokana na maswali yaliyochaguliwa. Kulinganisha wasahihishaji hunasa kosa la mkono unaotoa alama.

Ndiyo maana sentensi "uthabiti wa mtihani huu ni 0.82" haijakamilika. Ni 0.82 dhidi ya kosa gani? Mtu anayepima insha kisha akaleta alfa peke yake amefunga mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi. Kabla ya kugusa programu yoyote ya takwimu, andika kwenye karatasi ni kitu gani kinaweza kuyumbisha alama katika mazingira yako. Njia itajichagua.

3. Uthabiti na uhalali vinatofautianaje?

Uthabiti huuliza kama kipimo kinarudia jibu lake. Uhalali huuliza kama jibu hilo linahusu kitu ulichokusudia. Chukua mtihani wa biolojia wa kidato cha kwanza ulioandikwa kwa Kiingereza kizito, kwa watoto waliotoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili. Unaweza kuwa na uthabiti mzuri sana, huku unachokipima kwa uthabiti huo ni Kiingereza.

Hata hivyo, uthabiti huweka dari. Alama zako haziwezi kuhusiana na kitu kingine kupita kipeuo cha pili cha uthabiti wake. Uthabiti ukiwa 0.64, dari ni 0.80.

4. Niandike "uthabiti", "kuaminika" au "uaminifu"?

Vitabu havijakubaliana. Chagua neno moja, lifafanue mara ya kwanza, lishikilie. Mimi nakwepa "uaminifu" kwa sababu huufanya mtihani usikike kama mweka hazina wa kikundi.

## Njia zenyewe

5. Katika kupima na kurudia, nisubiri muda gani?

Inategemea kinachopimwa kinabadilika kwa kasi gani, na kumbukumbu inadumu muda gani. Ukirudia mtihani wa hesabu baada ya siku mbili, watoto watakumbuka majibu, na namba yako itavimba. Ukirudia baada ya muhula mzima, wameshafundishwa mambo mapya. Unaita kosa kitu ambacho ni kujifunza. Wiki mbili hadi nne ndiyo desturi kwa vipimo vingi.

Kwa madodoso ya afya ya akili, soma maelekezo yake kwanza. PHQ-9, inayotumika sana kuchunguza dalili za sonona, ina maswali tisa yenye majibu ya 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Ukirudi baada ya miezi miwili unauliza kuhusu wiki mbili nyingine kabisa. Mtu aliyepona si kosa la kipimo.

Angalizo moja: uhusiano wa kawaida, ile r inayoonyesha alama za mara mbili zinakwenda pamoja kiasi gani, hauoni mabadiliko ya jumla. Kila mtoto akipanda alama 10 kamili, r itakuwa 1. Kama kupanda huko kunakuhusu, tumia kipimo cha makubaliano kinachotajwa kwenye swali la 14.

6. Matoleo sambamba ni nini?

Ni mitihani miwili iliyotungwa kutoka jedwali moja la utahini (mpango wa mada ipi itoe maswali mangapi), yenye wastani na mtawanyiko unaolingana, ikifanywa na watu walewale. Huondoa tatizo la kumbukumbu. Gharama yake ni kutunga mara mbili, na aliyewahi kutunga mtihani mmoja mzuri anajua kwa nini wengi hawafiki huko.

7. Nikigawa mtihani nusu kwa nusu, kwa nini matokeo yasahihishwe?

Kwa sababu umehusianisha mitihani miwili mifupi, na mtihani mfupi huyumba kuliko mrefu. Mwaka 1910 Spearman na William Brown, kila mmoja kwa njia yake, walichapisha kanuni ya kurudisha urefu: zidisha r kwa 2, kisha gawanya kwa 1 ukijumlisha r. Nusu zikihusiana kwa 0.60, mtihani mzima ni 1.20 ÷ 1.60, yaani 0.75.

Gawa kwa maswali ya namba witiri na shufwa. Ukikata katikati, nusu ya pili itabeba uchovu na maswali ambayo hayakufikiwa. Ila hata hivyo mgawanyo ni wa bahati: mtihani wa maswali 10 unaweza kugawanywa nusu sawa kwa namna 126, na kila moja italeta namba yake. Udhaifu huo ndio uliozaa kanuni zinazofuata.

8. Naweza kukokotoa KR-20 bila programu?

Naam, na ningependa kila mwalimu aifanye kwa mkono angalau mara moja. Frederic Kuder na Marion Richardson waliitoa mwaka 1937. 20 ni namba ya kanuni hiyo katika makala yao, hakuna siri nyingine. Ni ya maswali yenye jibu moja kati ya mawili, kupata au kukosa.

Tuseme una maswali 5. Waliopata kila swali ni 0.9, 0.8, 0.6, 0.5 na 0.2 ya darasa. Zidisha kila sehemu na waliokosa: 0.09, 0.16, 0.24, 0.25, 0.16. Jumla 0.90. Sasa tafuta mtawanyiko wa alama za jumla, yaani mraba wa mkengeuko sanifu (kipimo cha alama zinavyokaa mbali na wastani). Tuseme ni 2.0. Gawanya 0.90 kwa 2.0 upate 0.45, itoe kwenye 1 upate 0.55. Zidisha kwa idadi ya maswali gawanya kwa idadi hiyo pungufu moja, 5 ÷ 4. Jibu ni 0.69.

Kwenye Excel tumia VAR.P kwa mtawanyiko, si VAR.S. Kuzidisha waliopata na waliokosa kunachukulia darasa lako kama kundi zima, kwa hiyo na mtawanyiko wa jumla uchukuliwe hivyohivyo. Kwa darasa la watoto 20 tofauti inaonekana.

9. Na KR-21?

Ni njia ya mkato isiyohitaji takwimu za kila swali. Wastani na mtawanyiko vinatosha. Inachukulia kwamba maswali yote yana ugumu sawa. Kwa mfano wa hapo juu, wenye wastani wa 3.0, inatoa 0.50. Pengo kati ya 0.69 na 0.50 ndiyo bei ya dhana ambayo si ya kweli. Iache.

## Alfa na matata yake

10. Alfa ya Cronbach inatumika lini?

Pale swali lina alama zaidi ya mbili: dodoso la "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa", au maswali ya kueleza yenye alama 0 hadi 5. Kanuni ni ileile ya swali la 8, ila badala ya kuzidisha waliopata na waliokosa unaweka mtawanyiko wa kila swali. Ukiitumia kwa maswali ya kupata na kukosa inarudi kuwa KR-20.

Lee Cronbach aliitangaza mwaka 1951, lakini Louis Guttman alishakuwa na kanuni hiyo mwaka 1945 kwa jina lingine. Cronbach mwenyewe aliandika katika makala iliyotoka 2004, baada ya kifo chake, kwamba kuitwa kwa jina lake kulimtia aibu. Sisi tumeendelea kuiita hivyo.

11. Alfa yangu ni 0.58. Nifanyeje?

Kwanza tafuta maswali yaliyogeuzwa. "Ninalipenda somo la hisabati" na "Hisabati hunichosha" haziwezi kuingizwa kwa mwelekeo mmoja. Hiyo ya pili lazima igeuzwe, 5 iwe 1. Alfa ikiwa chini ya sifuri, karibu kila mara sababu ni hii. Nimeona mtu akitaka kurudi kijijini kukusanya data upya kwa kosa la dakika tano.

Pili, angalia kila swali linahusianaje na jumla ya maswali mengine. Lenye uhusiano hasi au karibu na sifuri lisome upya kwa macho, si kwa takwimu tu. Pengine lina "si" mbili, au wahojiwa wamelielewa vingine. Usifute maswali mmojammoja ukifukuzia 0.70, namba hiyo itang'aa kwa sampuli yako na kuporomoka kwa inayofuata.

Tatu, hesabu maswali. Matano ni machache. Kanuni ya Spearman na Brown inakuambia pia urefu unaohitajika: ukiwa na maswali 20 yenye uthabiti wa 0.60 na unataka 0.80, unahitaji takriban maswali 54 ya aina hiyohiyo. Hapo wengi hugundua kwamba kuboresha maswali ni rahisi kuliko kuyaongeza.

12. Ni lazima nifike 0.70?

Namba hiyo hunasibishwa na Jum Nunnally, ambaye katika kitabu chake cha 1978 aliizungumzia kwa utafiti wa hatua za mwanzo. Kwa maamuzi juu ya mtu mmoja mmoja, kama nani aende shule maalumu, alisema 0.90 ndiyo kiwango cha chini na 0.95 ndiyo ya kutamaniwa. Wanukuu hubeba sentensi ya kwanza na kuiacha ya pili njiani.

Juu nako kuna mtego. Alfa ya 0.97 kwenye dodoso la maswali manane hunifanya nishuke kusoma maswali yenyewe, na kwa kawaida nakuta swali moja limeulizwa mara nane kwa nguo tofauti.

13. Alfa kubwa inathibitisha kwamba dodoso linapima kitu kimoja?

Hapana. Maswali 10 ya wasiwasi na 10 ya hasira, yakichanganywa, yanaweza kutoa alfa nzuri kwa sababu tu ni mengi. Kujua kama kitu ni kimoja ni kazi ya uchanganuzi wa vipengele, hesabu inayoonyesha maswali yapi yanakwenda kundi moja. Alfa pia inadhani kila swali linabeba kitu hicho kwa uzito sawa. Omega, kipimo kingine cha uthabiti kilichofanyiwa kazi na Roderick McDonald, haidai hivyo, na leo programu za takwimu jamovi na R huitoa bure kando ya alfa. Toa zote mbili.

Dhana nyingine ya alfa ni kwamba makosa ya maswali hayategemeani. Kifungu cha ufahamu huivunja: maswali sita yananing'inia kwenye hadithi moja, na asiyejua neno "ghala" anakosa matatu kwa mpigo. Alfa inavimba. Dawa yake ni kujumlisha maswali ya kifungu kimoja na kukihesabu kifungu kama swali moja.

## Wanaosahihisha

14. Insha zinasahihishwa na walimu wawili. Nitumie nini?

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1912 huko Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott waliwapelekea walimu karatasi zilezile za Kiingereza. Karatasi moja ilirudi na alama kuanzia 64 hadi 98. Karatasi moja, walimu wengi.

Kwa maamuzi ya makundi, kama kufaulu au kufeli, watu hukimbilia asilimia ya makubaliano. Inadanganya. Tuseme insha ni 100 na kila mwalimu kafaulisha 90. Wamekubaliana kwenye 86: 83 wote wamefaulisha, 3 wote wamefelisha. Asilimia 86 inapendeza. Lakini watu wawili wanaofaulisha tisa katika kila kumi, hata wakifanya kwa kufumba macho, watakubaliana asilimia 82. Kapa ya Jacob Cohen, ya mwaka 1960, huondoa bahati hiyo: 86 toa 82 ni 4, gawanya kwa 18 iliyobaki. Kapa ni 0.22. Walimu hao karibu hawajakubaliana juu ya nani afeli, na anayefeli ndiye mwenye kesi.

Kwa alama za namba tumia uhusiano wa ndani ya tabaka, ICC, na useme umetumia aina gani. Ile ya makubaliano kamili humwadhibu mwalimu anayebana alama tano kwa kila mtoto. Ile ya mshikamano humsamehe kwa kuwa mpangilio wa watoto haukubadilika. Kama alama inakwenda kwenye cheti, hakuna msamaha.

Mpangilio wa kazi nao husaidia kuliko fomula. Kila msahihishaji akipewa swali moja badala ya karatasi nzima, ubahili wake hugawanywa kwa watahiniwa wote, hauangukii mmoja.

15. Nina makosa ya siku, ya maswali na ya wasahihishaji kwa pamoja. Nitoe namba tatu?

Unaweza. Ila tangu 1972 kuna nadharia ya ujumlishaji ya Cronbach na wenzake, inayoupasua mtawanyiko wote kwa mara moja na kuonyesha kila chanzo kimechukua kiasi gani. Faida yake ni ya kifedha: utaona kama shilingi inayofuata iende kwa msahihishaji wa pili au kwa swali la ziada. Kwa insha, mara nyingi mada ya pili husaidia kuliko jicho la pili.

## Alama ya mtoto mmoja

16. Mzazi haelewi 0.84. Nimwambie nini?

Mpe kosa sanifu la kipimo. Toa uthabiti kwenye 1, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mkengeuko sanifu. Uthabiti wa 0.84 na mkengeuko wa 10: kipeuo cha 0.16 ni 0.4, kosa ni alama 4. Kwa mtoto aliyepata 63, kuna takriban nafasi mbili kati ya tatu kwamba alama yake ya kweli iko kati ya 59 na 67.

Katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania, C inaishia 64 na B inaanza 65. Mtihani wa shule wenye kosa la alama 4 hauwezi kumtofautisha wa 63 na wa 65. Walimu wanaopanga "mikondo" kwa alama moja waitazame hesabu hii.

17. Kosa hilo ni sawa kwa wanafunzi wote?

Kanuni hiyo inachukulia hivyo, na si kweli. Mtihani mgumu hupima vizuri watoto wa juu na vibaya wa chini, ambao wanabahatisha tu. Nadharia ya majibu kwa swali, inayokadiria ugumu wa kila swali na uwezo wa kila mtu kwa pamoja, hutoa kosa kwa kila ngazi ya uwezo. SACMEQ, muungano wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika wa kufuatilia ubora wa elimu, uliopima darasa la sita Kenya, Uganda, Tanzania Bara, Zanzibar na nchi nyingine za ukanda huu, ulitumia modeli ya Rasch kutoka familia hiyo, kwa skeli yenye wastani wa 500 na mkengeuko wa 100.

## Kesi za pembeni

18. Mtihani wangu ni wa kasi, kama kusoma maneno kwa dakika moja.

Usitumie alfa wala kugawa nusu. Mtoto aliyefika neno la 40 ana 20 za witiri na 20 za shufwa, kwa hiyo nusu zitalingana hata kama kipimo ni kibovu. Rudia kwa orodha sambamba (swali la 6), na walinganishe wapimaji wawili wanaosikiliza mtoto mmoja kwa wakati mmoja.

19. Darasa lote limepata zaidi ya 90, na KR-20 ni 0.31. Mtihani ni mbaya?

Si lazima. Uthabiti wa aina hii hula tofauti kati ya watu, na hapa tofauti hazipo. Kama lengo lilikuwa kuona nani amemudu stadi, uliza swali lingine: nikiwapa toleo la pili, wangapi wangebaki upande uleule wa mstari wa kufaulu? Hesabu hiyo hufanywa kwa asilimia na kapa, kama swali la 14.

20. Napima maendeleo: alama ya mwisho toa ya mwanzo. Mitihani yote miwili ina 0.80.

Tofauti yenyewe haina 0.80. Mitihani ikihusiana kwa 0.70 na ikiwa na mtawanyiko sawa, uthabiti wa tofauti ni 0.10 ÷ 0.30, yaani 0.33. Makosa ya pande zote mbili yamebaki, na kilicho cha pamoja kimefutana. Kwa wastani wa kundi bado inafaa. Kumwambia mzazi mmoja kwamba mwanawe "ameshuka" kwa namba hiyo, sitathubutu.

21. Dodoso limetafsiriwa kwa Kiswahili. Naweza kunukuu alfa ya waliolitunga?

Inukuu kama historia, kisha kokotoa yako. Uthabiti ni wa alama za watu fulani waliopimwa siku fulani. Karatasi yenyewe haina uthabiti. Kundi lenye watu wanaofanana sana litatoa namba ndogo kuliko kundi mchanganyiko, kwa maswali yaleyale.

Na Kiswahili si kimoja kwa wahojiwa. "Moyo kwenda mbio" mwingine ataelewa ugonjwa wa moyo, mwingine hofu. Kabla ya kukokotoa, wakalishe watu sita au saba, waambie waseme kwa maneno yao kila swali linauliza nini. Swali lililopata tafsiri tatu halitaokolewa na alfa.